Shemeji Alipasua Bati, Mimi Nikaitwa Kipofu

Nina miaka hamsini na mmoja, ni fundi wa masinki na meza za stenlesi, bati lisiloshika kutu, hapa Daraja Mbili. Sikusoma chuo. Nilijifunza kwa kuharibu vipande chakavu mpaka bati likaacha kunishinda. Leo karakana yangu iko wazi, macho yangu yote yanaona... lakini wateja hawaji.

Stenlesi nyembamba haitaki haraka. Ukitaka tundu safi, unabana bati juu ya ubao, unatia mafuta, unazungusha drili polepole huku umekandamiza bila kulegeza. Biti, ile ncha inayotoboa, ikiteleza bila kula, hapo hapo chuma kinapata moto na kuwa kigumu. Ukiongeza mwendo, ndiyo unakiharibu kabisa. Haya yote nilimfundisha Elifasi, mume wa mdogo wangu Naomi. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Usharika wetu kule Meru ulituagiza meza ya jiko yenye sinki, iwahi sikukuu ya kipaimara. Bati lilikuwa moja tu, refu, lisilo na kiungo. Nililipima na kulichora mwenyewe. Kabla sijatoboa, nikafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari akanikataza kuinama na kushika mashine. Elifasi akasema nisiwe na wasiwasi, atamalizia yeye.

Siku ya kutoboa tundu la koki nilikaa kwenye benchi nje ya karakana, jicho limefungwa. Sikuhitaji kuona. Drili inayokula stenlesi hunguruma kwa sauti nzito. Mimi nilisikia mlio mwembamba, wa kuteleza... Nikapaza sauti kwamba azime, abadilishe biti, apunguze mwendo.

"Shemeji, pumzika," akanijibu. "Wewe sasa hivi ni mgonjwa, siyo fundi."

Akaongeza mwendo. Nilikuwa bado napapasa mlango bati lilipokwama kwenye biti na kupasuka. Mlio ule nausikia mpaka leo!

Tundu lilichanika, kingo zake zimebabuka rangi ya bluu. Hapakuwa na muda wa kupata bati lingine. Tukaziba mpasuko kwa kipande, lakini kingo zilibaki kali. Elifasi akaniomba radhi, akaahidi kuwaeleza wenye kazi ukweli. Nikamwamini. Ningefanya nini?

Kwetu, kitu kipya cha usharika huwekwa wakfu mbele ya waumini, na fundi huitwa asimame. Jumapili ya kipaimara alisimama Elifasi. Akashukuru, kisha kwa sauti ya upole akawaomba wasinilaumu kwa lile tundu. Eti nilikataa kusaidiwa, nikalitoboa mwenyewe, na macho yangu ndiyo yamekwisha.

Mimi nilikuwa benchi la mbele. Naomi alikuwa kwenye kwaya, ameinamisha kichwa. Ningemwita mumewe mwongo mbele ya madhabahu, yeye akiwa pale? Nikabaki nimeketi.

Baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka za mazao, watu walikuja kunipa pole. Mama mmoja alinunua mkungu wa ndizi akaniwekea miguuni. Nilipoanza kumweleza, akanishika mkono.

"Usijitese, baba. Mungu amekupa shemeji, mwachie kazi."

Nilivyozidi kukana, ndivyo walivyozidi kunihurumia. Mtu anapigana vipi na huruma?

Jicho lilipona. Elifasi akafungua karakana yake Sokon I, na wateja wangu wa Njiro wakamfuata. Mimi naletewa ndizi na maziwa.

Juzi niliingia jiko la usharika. Naomi alikuwa akiosha sufuria. Nikaona amezungushia kitambaa kwenye lile tundu ili wapishi wasikatwe mikono. Akakifungua, akakikamua, akakifunga tena.

"Kaka, najua nani alitoboa," akasema bila kuniangalia. "Lakini nina watoto naye. Usiniulize zaidi."

Nikatoka nje.

Wasomaji wenzangu, nawasihi... kazi yenu ikiharibiwa, nendeni wenyewe kwa mwenye kazi, siku hiyo hiyo. Msimtume aliyeiharibu akawasemee. Mimi nilingoja mpaka Jumapili.

Bado natoboa vipande chakavu kila asubuhi. Matundu yanatoka safi, ukipitisha kidole hukwaruziki. Vipande hivyo navitundika mlangoni ili watu waone. Wapita njia husimama, huniamkia shikamoo, huvigeuza vipande mikononi na kuvisifu.

Kisha huniuliza shemeji yangu alikuja lini kuvitoboa.