Msimamizi Aliyemwaga Unga

Mtaani walimwita Msimamizi, na jina hilo alilipenda kuliko lake mwenyewe. Alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli kubwa ya mjini. Chini yake walikuwa wanawake kumi na mmoja. Wakitandika kitanda vibaya, alikitandua mbele yao. Akipitisha kidole juu ya kabati kikatoka na vumbi, hakusema neno. Aliwaonyesha kidole tu. Walikiogopa kidole hicho kuliko walivyomwogopa meneja.

Tatizo ni kwamba kidole alirudi nacho nyumbani.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amepanga chumba cha pili yake, ukuta kwa ukuta. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu, nyumba kwa nyumba.

"Wifi," Msimamizi alimwambia mara kwa mara, "hotelini tuna mashine inafua shuka arobaini kwa mkupuo. Wewe bado unapigana mieleka na suruali moja."

"Hiyo mashine inakusaidia kupika?"

"Kupika napika mwenyewe."

"Basi ndiyo maana chakula chenu hakina chumvi. Nisalimie mashine."

Ndivyo walivyoishi kwa miaka tisa. Mawifi wakiacha kuchokozana, ujue mmoja anaumwa.

Kisha gonjwa likaingia. Lilianza redioni, likafika mpakani, halafu likawa nyumba ya tatu kutoka kwao. Wageni waliacha kusafiri. Siku moja meneja aliwakusanya wafanyakazi uani, akawasimamisha kila mmoja mbali na mwenzake, akawaambia waende nyumbani. Watarudi lini? Hajui. Mshahara je? Hakuna. Wanawake kumi na mmoja walilia. Msimamizi hakulia. Kichwani mwake lilizunguka jambo moja tu: atamwambia nini wifi?

Hakumwambia. Hakumwambia hata mumewe. Asubuhi iliyofuata alivaa sare yake, akaaga, akatoka kama kawaida. Alitembea mpaka hotelini, akaenda nyuma ya jengo, akakaa juu ya kreti la soda karibu na mlinzi.

"Mama, umesahau kitu?" mlinzi alimuuliza siku ya kwanza.

"Nimepita tu."

Siku ya nne mlinzi hakuuliza. Alilifuta vumbi kreti na kumsogezea.

Wiki tatu zikapita hivyo. Nyumbani mambo yalikuwa yakibana. Mumewe alikuwa fundi viatu, na shule zilikuwa zimefungwa, ofisi zimefungwa. Viatu vilivyolala chini ya kitanda havichakai. Fundi alishinda kibandani kando ya cherehani yake ya viatu, akinoa kisu ambacho kilikuwa kikali tangu juzi. Wifi naye alipoteza wateja mmoja mmoja. Watu waliogopa nguo zao zisichanganyike na za wagonjwa. Uani kwao kazi tatu zilikuwa zimekufa, lakini matanga yaliwekwa ya kazi mbili tu.

Jumatatu moja, kabla Msimamizi hajaondoka kwenda kwenye kreti lake, karani wa mtaa alipita. Alikuwa binti mwenye barakoa na daftari kubwa. Alisimama mlangoni mwa ua, hakuingia.

"Tunaandika kaya ambazo kipato kimekatika kwa sababu ya gonjwa," alisema. "Watakaoandikwa watapata unga na sabuni kwa miezi mitatu. Naandika hali ya leo. Ya mwaka jana sitaki kuisikia. Haya, kwenu nani ana kazi?"

Fundi alimtazama mkewe. Wifi alisimama mlangoni kwake, mikono ina povu hadi kwenye viwiko. Msimamizi aliliona lile povu, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Nyumba hii iruke, binti. Mimi kazi yangu ipo palepale."

"Hoteli si imefungwa?"

"Imefungwa kwa wageni. Vitanda havijitandiki."

Vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia hutandikwa mara ngapi? Karani alitaka kuuliza, lakini alikuwa na nyumba nyingine ishirini za kupita. Akaandika. Akamwandika na wifi, kwamba hana kipato. Akaenda zake.

Wifi alifuta mikono kwenye kanga, akasogea. Hakuwa na utani usoni.

"Wifi, kama kazi ipo, niombee. Hata ya kufua matambara ya kudekia."

Katika miaka tisa hilo lilikuwa ombi lake la kwanza. Palikuwa na nafasi ya kusema ukweli hapo, pana kama mlango wa ghala. Msimamizi akaipita.

"Nitaongea na meneja," alisema.

Jumatano jioni alirudi kutoka kwenye kreti, akamkuta wifi anapiga pasi gauni lake zuri, lile moja.

"Safari ya wapi?"

"Si hotelini kwenu? Nataka meneja akiniita aone mtu, asione ndoo." Wifi alicheka. "Na leo nimekwenda kwa karani kujifuta. Nimemwambia mimi mambo yangu yamenyooka. Yule bibi wa nyumba ya kona ana wajukuu watano, ampe yeye nafasi yangu. Nitakulaje mara mbili?"

"Umejifuta?"

"Leo asubuhi. Orodha inafungwa kesho saa sita mchana. Mbona umetoa macho?"

"Vumbi limeniingia."

Aliingia ndani, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Aibu haikumshika moyoni kama watu wanavyosema. Ilimshika masikioni. Yalimwaka moto kama ya mtoto aliyefinywa. Kupitia ukutani alisikia watoto wa wifi wakimuuliza mama yao kama hotelini wanafunga chakula cha kubeba. Na mama yao akawaambia ndiyo, mke wa mjomba atawaletea.

Alhamisi asubuhi hakwenda kwenye kreti. Alikwenda ofisi ya mtaa. Mpango wake ulikuwa mzuri. Angemwinamia karani sikioni, anong'one mambo mawili, arekebishiwe, aondoke kabla mtaa haujaamka vizuri.

Alikuta watu zaidi ya thelathini wamepangwa uwanjani. Kila mmoja alisimama ndani ya duara la chokaa. Mbele ya meza ya karani palifungwa kamba, hatua tatu kabla ya kuifikia. Kila mtu alikuwa na barakoa. Zamu yake ilipofika, ilikuwa saa tano kasorobo.

"Nimekuja kurekebisha," alinong'ona.

"Sikusikii, mama."

"Kurekebisha. Ile habari ya Jumatatu."

"Habari ya nini? Barakoa inameza maneno. Sema kwa sauti."

Msimamizi akaivuka kamba ili asogee. Mgambo akanyoosha fimbo. "Rudi kwenye duara, mama. Siri hazina nafasi siku hizi."

Watu wakacheka. Akarudi kwenye duara. Nyuma yake kulikuwa na mtaa mzima: muuza mkaa, fundi cherehani, mwalimu wa udereva, na wale wote aliokuwa akiwapita kila asubuhi na sare yake bila kuwasalimu vizuri. Alijikaza kisabuni. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wakichota maji bombani:

"Sina kazi. Hoteli ilituachisha wiki tatu zilizopita. Jumatatu nilikudanganya."

Alitazama chokaa miguuni pake, akatamani duara lile liwe shimo.

Ndipo mwalimu wa udereva, duara la nne, akakohoa. "Karani, hayo maneno yake na mimi niazime. Ulinikuta nikakwambia nina wanafunzi sita. Wanafunzi wenyewe nimewaota."

Watu wakacheka tena. Msimamizi hakucheka. Karani alifungua daftari, akaandika upya, akamjibu bila haraka.

"Mama, kumwaga unga wakati huu si kosa lako. Wamemwaga wengi, humu na nchi nyingine. Lakini ukiniambia una mshahara, naandika mshahara. Wakubwa wanahesabu unga wa mtaa huu kwa ninayoyaandika. Ukificha wewe, na huyu akaficha, mtaa wenye njaa unaonekana umeshiba. Nyumbani wanajua?"

"Hawajui."

"Waambie leo. Kaya inayojua kipato kimekatika hukaa chini ikapanga. Mtapunguza nini, nani ajaribu kazi gani. Wasiojua wanatumia kama jana, mpaka siku sufuria itakapowaambia. Na msikimbilie kuuza vifaa vya kazi. Mumeo akiuza cherehani ya viatu leo, shule zikifunguliwa atashona kwa meno? Tena nenda hotelini ukaombe barua inayosema uliachishwa lini na kwa nini. Itakusaidia ukidai haki yako, au ukiomba kazi kwingine."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema lile la pili, na hili lilikuwa gumu zaidi.

"Wifi yangu alijifuta jana. Alijifuta kwa sababu nilimdanganya nitamtafutia kazi. Mrudishe."

"Huyo siwezi kumrudisha kwa mdomo wako. Aje mwenyewe. Saa sita kamili nafunga, daftari linakwenda wilayani."

Alitembea haraka mpaka sare ikamshika mgongoni kwa jasho. Kwenye kona alipita kibandani kwa mumewe. Habari ilikuwa imeshamtangulia. Habari za mtaani hazijui foleni.

"Baba watoto," alianza.

"Nilijua," Fundi alisema bila kuinua uso. "Anayeinama kutandika vitanda kutwa, kiatu humkunjika mbele. Chako wiki ya tatu hii kimenyooka kama cha dukani."

"Mbona hukuniuliza?"

Fundi aligeuzageuza kisu chake. "Ningekuuliza na mimi mwenyewe siingizi kitu? Niliona haya. Nenda kwa dada yangu kwanza. Yetu tutayaongea."

Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya chumba chake. Alikuwa amevaa lile gauni.

"Umerudi mapema. Meneja ananiita?"

"Hakuna meneja, wifi. Hakuna kazi. Imekwisha wiki tatu sasa. Nilikuwa nakwenda kukaa kwenye kreti."

"Kreti?"

"La soda. Nyuma ya hoteli."

Wifi akashusha macho kwenye gauni, akalinyoosha pale magotini ingawa halikuwa na kunyanzi.

"Nimewaambia wanangu," alisema taratibu. "Nimetoa unga wa wanangu kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu wewe hukutaka nijue tuko sawa."

Msimamizi aligeukia upande wa ofisi ya mtaa.

"Karani bado anaandika. Lakini lazima uende mwenyewe, kabla ya saa sita."

"Sasa saa ngapi?"

"Tano na nusu."

Wifi alisimama, akavaa kandambili. "Ningekuwa na muda ningekukalisha hapa nikutukane vizuri. Twende, nitakutukana njiani."

Na kweli alimtukana njia nzima. Alianza na kidole, akaenda kwenye mashine, akamalizia na kreti. Msimamizi alitembea kando yake na kuitikia, "Kweli, wifi. Hilo nalo kweli." Walifika zikiwa zimebaki dakika kumi. Karani alimrudisha wifi kwenye orodha.

"Na bibi wa kona?" wifi aliuliza. "Usimfute."

"Bibi anabaki. Ana shida yake, hakukaa kwenye nafasi yako."

Unga na sabuni vilikuja baada ya siku kumi na mbili. Havikuwa vingi. Vilitosha kuwafanya watu waliokaa chini kupanga wawe na cha kupangia. Fundi, mkewe na wifi walikubaliana kupika sufuria moja. Cherehani ya viatu haikuuzwa. Barua ya hoteli ilipatikana, ikawekwa juu ya kabati. Na Msimamizi aliomba kazi. Aliiomba kwa wifi.

"Una mikono ya mgeni," wifi alimwambia. "Lakini njoo."

Siku ya kwanza wifi alitoa kwenye mfuko shuka la mteja aliyekuwa amebaki, akalikung'uta kwa nguvu. Kidole cha Msimamizi kilinyanyuka chenyewe. Alikiona, akakirudisha nyuma ya mgongo.

"Wifi, naomba nikuelekeze kitu. Ukikataa sawa."

"Sema."

"Usikung'ute nguo chafu. Kama mwenyewe anaumwa, uchafu unaruka unakujia usoni. Hotelini mgeni akiugua tulizitoa taratibu, kila chumba na mfuko wake. Maji ya moto, sabuni ya kutosha, halafu juani. Mfuko nao unafuliwa. Na mikono tunanawa kabla ya kushika nyingine."

Wifi alifikiri. "Yaani wateja wangu walikuwa na sababu ya kukimbia."

"Walikuwa nayo. Ila tunaweza kwenda kuwaambia kwamba sasa hazichanganyiki."

Walikwenda mlango kwa mlango, wakiwa wamevaa barakoa. Wengine waliwafukuza. Wengine walisema watafikiri. Mlango wa saba ulikuwa wa mama mwenye duka la dawa. Aliwasikiliza akiwa ndani ya geti, akauliza maswali kuhusu maji ya moto, akauliza tena kuhusu mifuko. Kisha akamkazia macho Msimamizi.

"Wewe nakujua. Si yule wa hotelini? Kati yenu nani ni mkubwa hapa?"

Wifi alimwachia Msimamizi swali hilo. Alitazama pembeni kama anayehesabu tofali za ukuta.

Masikio ya Msimamizi yalianza kuwaka. Hata hivyo alijibu.

"Hoteli ilifungwa, mama. Mwenye kazi ni yeye. Mimi amenipokea wiki ya pili hii."

"Bado tunamwangalia," wifi aliongeza.

Mwenye duka aliingia ndani. Akarudi na mifuko miwili. "Huu ni wetu. Huu mkubwa ni wa mama yangu, ana siku nyingi kitandani. Nilikosa wa kumpa. Mkizirudisha nguo safi, kazi iwe yenu kila wiki."

Wifi alichukua ule mdogo. Mkubwa aliusukuma kwa mguu, taratibu, mpaka ukagusa viatu vya Msimamizi.

"Beba," alisema. "Mwenye kazi hachoki mgeni akiwepo."

Msimamizi aliinama, akautwika kichwani, akamfuata nyuma kupita katikati ya mtaa.