Mkia wa Pajero

ALHAMISI, BAADA YA ALASIRI

Mfaume alichora ramani sakafuni kwa kipande cha mkaa. Chumba kilikuwa nyuma ya ghala la mbata, Kilindoni, na harufu ya nazi kavu ilikaba koo. Watu watatu tu. Mfaume mwenyewe, mwenye shughuli. Shaabani, dereva, kijana wa damu moto. Na Muhidini, kaka yake Shaabani, fundi wa bodi za magari, ambaye tangu atoke jela hakuwa anacheka wala kununa.

"Kesho, watu wakiwa msikitini," Mfaume alisema. "Stoo ya Khozema. Injini sita za boti, mpya. Tunapakia, tunaondoka."

"Barabara ya lami imejaa doria za hifadhi," Shaabani alisema.

"Nani kakwambia lami? Nyinyi wawili mnashika ufukweni, kaskazini, maji yakiwa yamekupwa. Mnapanda pale kwenye ngazi ya mawe. Mimi natangulia kwa pikipiki kuweka boti tayari, karibu na Ras Mkumbi."

Muhidini aliutazama mchoro. Pajero yao ilikuwa na matairi makubwa na mkia mrefu, bodi ikipita mbali nyuma ya matairi. Ikibebeshwa injini sita ingekaa chini, bodi iyatafune matairi. Na pale kwenye mawe mkia ungegonga kabla tairi halijapanda.

"Lazima nyuma ikatwe," alisema.

"Ndiyo maana nimekuita, fundi."

Walitoka uani. Mfaume akapiga mstari wa chaki juu ya tairi la nyuma, kila upande. "Kata mpaka hapa."

"Hapo ndipo bati la nje na la ndani yanaposhikana. Nikikata hapo lazima niyarudishe pamoja, niyachomelee. La sivyo mkia unabaki mkebe. Mchangani utakwenda vizuri tu. Ukigonga jiwe na mzigo, unapasuka, unakalia tairi."

"Usichomelee. Mwanga utaita watu."

"Basi nikate chini zaidi."

"Kata nilipochora, kaka yangu. Niamini." Mfaume alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

Muhidini hakubisha. Kubisha kunataka moyo, na wake ulikuwa umekufa ganzi. Mkewe aliolewa na mtu mwingine huko Chole yeye akiwa ndani. Alipoletewa habari alisema sawa, akaomba maji ya kunywa. Kilichombakia duniani kilikuwa Shaabani. Mama yao alimwachia mtoto yule mkononi, na ndiye atakayekaa kwenye usukani kesho. Muhidini aliingia kazi hii kwa sababu moja tu: amrudishe nyumbani mzima.

Kwa hiyo alikata. Mfaume alipokwenda zake, alifunga mlango wa banda, akatundika magunia yaliyolowa dirishani, akawasha mashine ya kuchomelea. Kona hakuzikata kali, maana ufa huanzia konani. Alizizungusha kwa kufuata kitako cha kopo la rangi. Bati la ndani alikuwa ameliacha refu kidogo. Akalichana vipande, akavikunja kimoja kimoja kwa nyundo hadi vikalala juu ya bati la nje. Akachomelea nukta huku, nukta kule, akingoja bati lipoe lisije likajipinda. Akapaka rangi ya kuzuia kutu, na juu yake akasiriba matope, Mfaume asione.

IJUMAA, ADHANA

"Shikamoo, mzee," Shaabani alimwambia mlinzi.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Abeid alijibu, kabla hajaiona kamba. Adabu kwanza, wizi baadaye. Walimfunga kivulini, wakamwekea kikombe cha maji ambacho hakuweza kukishika.

Ndugu wawili walibeba injini. Mfaume hakubeba hata moja. Alikuwa ofisini kwa Khozema, kwenye sefu. Alitoka na mfuko mdogo wa turubai, unaonuka kinyesi na udi kwa pamoja. Kilindoni nzima ilijua kwamba Khozema amenunua ambari ya nyangumi kwa wavuvi, tonge moja linaloishinda stoo yote thamani.

"Tutagawana botini," alisema, akawasha pikipiki.

IJUMAA, SALA IMEKWISHA

Shaabani aliendesha huku anaimba. Muhidini alikuwa anausikiliza mkia. Matairi yalizunguka bila kugusa bati.

Ngazi ya mawe ilipotokea, Shaabani aliacha kuimba. Juu yake palikuwa na gari la polisi. Askari watatu walikuwa wamekaa kivulini. Hawakuziba njia. Walikuwa wanangoja tu, kama watu waliokwisha kuambiwa kitakachotokea.

"Kaka!"

"Usisimame. Kanyaga."

Tairi la mbele likapanda. La nyuma likafuata. Mkia ukagonga jiwe, kishindo kikamwingia Muhidini menoni. Bodi ililia, ikatulia. Haikupasuka. Askari waliinuka wakiwa wamechelewa, mmoja bila kiatu.

Shaabani alipiga kelele za furaha, kisha akamgeukia kaka yake. "Walijuaje? Njia hii tunaijua watu watatu."

Muhidini alikuwa ameshapiga hesabu. Polisi wakipata gari, mzigo na wezi wawili, nani atahangaika na wa tatu? Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyaelewa yote, na hakuhisi hata hasira. Alisahau kwamba mdogo wake bado anahisi.

IJUMAA, KABLA YA ALASIRI

Mfaume alikuwa majini hadi magotini, anasukuma boti ya faiba. Alipogeuka hakuwatazama usoni. Aliutazama mkia wa gari.

"Ulichomelea," alisema.

Neno hilo lilitosha. Shaabani alitoa spana ya magurudumu chini ya kiti.

"Acha, mdogo wangu. Tupande boti twende."

"Katuuza, kaka."

"Najua. Acha."

"Shaabani, sikiliza nikueleze," Mfaume alianza. Hakumaliza. Spana ilishuka mara moja, na mara ya pili, na maji yakawa mekundu. Boti ikaenda zake na mkondo, bila mtu, na mfuko ndani yake.

"Kaka, haamki," Shaabani alisema. "Mwambie aamke."

Muhidini alimgeuza Mfaume chali. Pumzi hakuna. Akakaa mchangani, akamkumbatia mdogo wake, akalia kwa sauti, mtu mzima, bila kuona haya. Maumivu ya miaka yote yalimjia kwa pamoja.

Sajini wa wale askari wa kwenye mawe alifika anahema. Akaiangalia maiti, akaliangalia gari.

"Tuliambiwa hili halitavuka mawe."

"Lisingevuka," Muhidini alisema. "Nililiimarisha mimi. Ningelikata tu bila kuchomelea, kama nilivyoagizwa, mngetukamata pale pale, na huyu mdogo wangu angefungwa kwa wizi, akatoka."

"Nani kampiga?"

Shaabani aliinua mkono, kabla kaka yake hajapata kusema ni mimi.