Robo Saa Isiyoandikwa

Mwaka 1974, kila Ijumaa tukitoka shuleni, sisi wa darasa la sita tulikwenda nyumba ya wazee pale Chemchem kwa kazi za kujitegemea. Wenzangu walifagia na kuteka maji. Ijumaa moja, mimi Maua nilimaliza sehemu yangu chapuchapu, nikakimbilia chumba cha Bibi Khole. Huko kulikuwa na mtungi wa oksijeni. Jamani, mtungi ule ulinipa maswali!

Ulikuwa wa chuma, mrefu kunishinda. Juu yake palikuwa na koki na chupa ya maji yenye kutoa mapovu. Mpira mwembamba ulipeleka hewa puani mwa Bibi.

"Nesi, kwa nini hewa ipite majini?" niliuliza.

"Ili isimkaushe pua," alijibu Nesi Apolinaria, huku akiandika katika daftari: saa, kipimo cha hewa, rangi ya midomo, idadi ya pumzi. "Kipimo chake ni lita mbili kwa dakika. Kwa mbili, mtungi utatufikisha Jumapili jioni, treni ilete mwingine. Na moto humu marufuku! Oksijeni huuchochea."

Alipotoka, Bibi Khole alinishika mkono. "Mjukuu wangu, leo Ijumaa. Tangu nizaliwe sijakaa Ijumaa bila udi; hii ndiyo ya kwanza. Nifukizie kidogo tu."

Nilimwonea huruma. Tena nikajiona mjanja: kama hatari ni oksijeni, si naifunga kwanza? Nikafunga koki, mapovu yakakoma. Nikaleta chetezo chenye makaa kutoka jikoni, nikamfukizia kanga zake robo saa nzima. Bibi alitabasamu, halafu akaanza kukohoa. Midomo ikageuka rangi! Nikatoa chetezo mbio, nikafungua hewa tena kwenye mbili.

Nesi akaingia. "Mbona midomo imekuwa ya buluu? Na hii harufu ya udi?"

"Kanga zangu," Bibi alisema kwa taabu. "Zilifukizwa nyumbani." Akanikonyeza.

Nesi alitazama daftari. "Hewa haikukatika, lakini hali ni mbaya. Basi ugonjwa umezidi. Naongeza hadi nne." Akashika koki.

Nne! Nikapiga hesabu. Kwa nne, mtungi ungekwisha kesho jioni. Jumapili Bibi angepumua nini?

"Usiongeze, Nesi!" nikapayuka, machozi yakinitoka. "Nilifunga hewa robo saa. Nilimfukizia udi."

Nesi aliachia koki. Alifungua madirisha, akamkalisha Bibi kwa mito, akasubiri akitazama saa yake. Kipimo kilibaki mbili. Polepole midomo ikarudi rangi yake.

Kisha akanipa kalamu. Niliandika: "Saa tisa hadi tisa na robo: hewa ilifungwa na Maua. Moshi wa udi chumbani." Niliona aibu kweli.

"Kufunga koki hakukuondoa hatari," alisema Nesi. "Oksijeni hubaki kwenye shuka, na moshi huumiza kifua chake. Lakini umesema kweli kwa wakati. Mgonjwa hutibiwa kwa kilichoandikwa, Maua. Ukinificha robo saa, natibu ugonjwa ambao haupo."

"Nami niandikwe!" alisema Bibi. "Mimi ndiye niliyemponza mtoto, kisha nikakudanganya."

Ijumaa iliyofuata nilimletea Bibi asumini kutoka uani kwetu. Nesi alizinusa, akanisogezea daftari.

"Andika," alisema. "Kila kinachoingia humu, kizuri na kibaya."