Balaraba na Maji ya Mzazi

Kila alfajiri, kabla mwadhini hajamaliza kuita, Balaraba alikuwa amekwisha kuwasha moto uani. Aliteleka chungu kikubwa, akajaza maji, akatumbukiza majani ya mwarobaini. Maji yakichemka mpaka kifuniko kikacheza, ndipo alipomwita binti yake Azumi aje kuoga.

Azumi alikuwa mzazi. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku chache tu zilizopita, na mtoto mwenyewe hajapewa hata jina. Kwa kuwa ulikuwa uzazi wake wa kwanza, alikuwa amerudi kwa mama yake, hapo mjini Sokoto, alelewe mpaka arobaini yake iishe. Na kulea mzazi, kwa watu wa mtaa ule, kulikuwa na maana moja tu: joto. Mzazi aoge maji ya moto asubuhi na alasiri. Alalie kitanda cha udongo chenye makaa chini yake. Anywe uji wa magadi wenye pilipili. Mlango ufungwe, dirisha lizibwe kwa gunia. Maji baridi asiyaguse kabisa.

Kazi hiyo Balaraba aliijua, na alisifika kwayo. Alichovya tawi la mwarobaini katika maji yanayotokota, akampiga nalo binti mgongoni, kisha akamkanda kwa viganja. Viganja vyake vilikuwa vimekomaa kwa miaka mingi ya vyungu na mafiga. Havikusikia tena moto. Wanawake walisema, "Mikono ya Balaraba haiogopi moto," naye alipenda kuyasikia maneno hayo.

Mikono haikuogopa, lakini moyo uliogopa. Binti yake mkubwa, Ladi, alifariki akiwa mzazi, majira ya baridi, upepo wa vumbi ukivuma. Watu walisema ubaridi umemwingia. Balaraba aliamini kwamba hakuchochea moto vya kutosha. Tangu hapo hofu ile haikumtoka. Kila alipomtazama Azumi alimwona Ladi, na mkono ukaongeza kuni wenyewe.

Aprili ya mwaka ule kiangazi kilikuja na visa. Kuku walijibanza chini ya mkokoteni, midomo wazi. Mbuzi walikataa kula. Usiku nao haukuleta nafuu, kwa sababu kuta ziliutoa moto wote zilioumeza mchana. Mzee Mudi, mume wa Balaraba, alikuwa fundi cherehani, na redio yake haikuzimwa. Asubuhi moja alimwambia mkewe habari aliyoisikia. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wamesema joto litazidi wiki nzima, na usiku hautapoa. Walionya kwamba wazazi, watoto wachanga na wazee wawekwe penye hewa, na watu wanywe maji mengi.

"Na huyo wa redio," Balaraba akauliza, "amezaa watoto wangapi?"

Mudi akarudi kwenye cherehani yake. Mambo ya uzazi hayakuwa ya wanaume.

Jioni akaja Falmata, jirani yao, mkunga wa zahanati ya mtaa. Falmata alikuwa Mkanuri, na Balaraba Mfulani. Tangu enzi za mababu Mkanuri na Mfulani ni watani, na hawa wawili hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana kwanza.

"We mchunga ng'ombe," alisema Falmata akijipepea na mtandio, "ungeweza, ungechemsha maziwa yakiwa bado ndani ya ng'ombe. Utampika huyo binti."

"Mtumwa wangu amekuja kunifundisha kazi," akajibu Balaraba. "Kaniletee kuni, ndiyo kazi yako."

Wakacheka sana. Falmata akarudia, sasa bila kucheka, kwamba gunia la dirishani litolewe na makaa yazimwe, kwa maana joto la mwaka huu si la kuchezea. Balaraba akamjibu kwamba Wakanuri wanaogopa hata jua la asubuhi. Utani una ubaya wake. Mtani akisema kweli, nayo huchekwa.

Siku iliyofuata joto likawa la kutisha. Upepo uliovuma ulikuwa kama pumzi ya tanuri la mikate. Mtaani palikuwa kimya, hata watoto hawakuonekana. Azumi alilalamika kwamba kichwa kinamgonga na miguu inamkaza. Aliomba maji ya mtungini. Mama yake akampa uji wa moto. Tangu asubuhi Azumi hakuwa amekwenda haja ndogo, lakini hakuna aliyeuliza.

Alasiri Balaraba akamwogesha tena, akamlaza, akafunga mlango. Mtoto alikuwa pembeni, amevikwa kofia ya sufu na kuviringishwa blanketi. Hakulia. Balaraba akafurahi kwamba amelala.

Kisha akamsikia Azumi akisema, "Ladi, sogea kidogo. Umenibana."

Balaraba akaganda. Kitandani hapakuwa na mtu mwingine.

"Azumi, unasema na nani?"

"Na Ladi," akajibu Azumi. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mama yake. "Mwambie asogee."

Nywele zilimsimama Balaraba. Aliona mauti yamerudi kwa mlango ule ule. Akamshika binti shingoni kwa kiganja, ajue kama ni ubaridi. Kiganja hakikumwambia kitu. Alichokiona ni kwamba ngozi ilikuwa kavu, jasho lote limekauka, na mwili ulikuwa ukitetemeka. Akakata shauri. Anatetemeka, basi ni ubaridi. Alikimbia uani, akazoa makaa mekundu kwa koleo, akarudi mbio.

Mlangoni akakutana na Falmata. Alikuwa ametoka zahanati, akaona apite kumjulia hali mzazi. Falmata akatazama ndani, akamgusa Azumi, akamgusa mtoto, kisha akageuka.

"Weka chini hayo makaa, Mama."

Balaraba alingoja utani. Haukuja. Miaka yote ile Falmata hajapata kumwita Mama. Hapo ndipo hofu ilipomshika kweli.

"Ni ubaridi," alisema. "Anatetemeka."

Falmata hakubishana naye. Alimshika mkono, akaukunja, akamwekea Azumi kiwiko hicho shingoni. Balaraba akauvuta mkono kama aliyeungua.

"Viganja vyako vilikufa zamani," alisema Falmata. "Kiwiko bado kina uhai. Amezidiwa na joto. Mshike miguu, tumtoe."

Walimbeba mpaka kivulini, kwenye banda la cherehani, upepo ulipopita. Mudi akamleta mtoto, kisha akatumwa mbio kutafuta bajaji. Falmata akamvua Azumi nguo nzito, akamwacha na kanga moja, kisha akachota maji mtungini.

"Usimmwagie!" Balaraba akamzuia. "Maji baridi yatamuua."

"Maji ya mtungi hayatamuua, Mama. Moto ulio ndani yake ndio unaomuua. Wewe chukua upepeo."

Falmata alimmwagia maji kichwani, shingoni, makwapani na mapajani, na Balaraba akapepea mpaka mkono ukafa ganzi. Falmata akaeleza huku akifanya. Kupepea ngozi kavu kwenye joto kama lile hakusaidii, lazima ngozi ilowe kwanza. Balaraba alipotaka kumtilia binti maji kinywani, akakatazwa. Mtu aliyechanganyikiwa asinyweshwe, atapaliwa.

Kisha wakamfungua mtoto. Blanketi lilikuwa la moto. Mtoto alilegea, midomo mikavu, utosi umebonyea. Falmata akavua kofia, akamfuta mwili kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida, taratibu. Balaraba alimtazama mjukuu wake asiye na jina, akamwomba Mungu amsikie akilia. Dakika zikapita. Kikatoka kilio kidogo, chembamba. Balaraba akalia naye.

Bajaji ikawafikisha hospitali. Huko walimlaza Azumi, wakamtundikia maji. Balaraba na Falmata walikaa barazani, hakuna aliyewaambia kama atapona. Kila mlango ulipofunguka Balaraba alishtuka. Mikono yake aliifunika kwa mtandio. Hakutaka kuiona.

Falmata alizungumza polepole. Alisema mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hutoka kwenye maji tunayokunywa. Azumi alinyimwa maji, akaogeshwa maji ya moto, akalazwa juu ya makaa, katika chumba kisicho na hewa. Magadi nayo ni chumvi, yanamkaza mwili na kuutesa moyo. Mtu akiumwa kichwa, akiona kiu kali, akikosa mkojo au mkojo ukawa wa rangi nzito, hapo ndipo pa kumpoza na kumpa maji. Akianza kusema asiyoyajua, akianguka au akitetemeka huku mwili unawaka, hakuna kungoja. Ni kumlowesha, kumpepea na kumkimbiza hospitali.

"Na mtoto?" akauliza Balaraba.

"Mtoto mchanga hapewi maji hata kwenye joto. Maji yake yamo kwenye titi, anyonyeshwe mara nyingi. Lakini mama asipokunywa, titi nalo litatoa nini?"

Balaraba akaukaza mtandio mikononi. Kisha akauliza lile aliloliogopa kuliko yote.

"Na Ladi? Ni mimi?"

Falmata angeweza kumdanganya, lakini hakutaka.

"Sijui, Mama. Wakati ule hakuna aliyempima. Alikuwa na ugonjwa gani, hakuna ajuaye. La huyu tunalijua."

Jibu hilo lilikuwa chungu, na Balaraba alilichukua hivyo hivyo. Hakulala usiku ule. Asubuhi Azumi alifumbua macho, akamtambua, akasema ana kiu. Safari hii maji Balaraba aliyashika mwenyewe, akamnywesha funda moja moja. Mtoto alirudishiwa titi, akanyonya.

Waliporudi nyumbani joto lilikuwa halijapungua, na redio ilisema litaendelea. Balaraba alikaa karibu na redio, hakuwa na swali juu ya watoto wa mtabiri. Azumi alihamishiwa barazani, kwenye mkeka, mahali pa hewa. Makaa yalizimwa, gunia likatolewa, na badala yake akatundika kitambaa kilicholowa maji. Kazi za juani zilifanywa alfajiri. Mtoto alivikwa kitambaa kimoja chepesi. Kikombe cha Azumi hakikukaa kitupu. Kuoga hakukuachwa, wala majani ya mwarobaini. Ila sasa maji yalikuwa ya uvuguvugu, na Balaraba hakumpa binti kabla ya kutia kiwiko chake.

Sherehe ya jina ilifanywa kabla jua halijapanda, na wageni wakahimizwa warudi makwao mapema. Mtoto akaitwa Buhari. Falmata alikuja akatangaza kwamba huyo ni mtumwa wake, kwa kuwa alimnunua kwa mtungi mzima wa maji. Balaraba aliposikia anatukanwa tena mchunga ng'ombe, alishusha pumzi ndefu. Alijua kwamba sasa hatari imepita.

Haikuwa imepita kwa wote. Asubuhi moja, akienda sokoni, alisikia harufu ya mwarobaini. Juu ya ukuta wa nyumba moja palipaa mvuke mzito. Joto la siku lilikuwa limekwisha kuanza. Balaraba akasimama. Kisha akapiga hodi, akaingia bila kungoja jibu.

Uani palikuwa na chungu kinachotokota. Msichana mmoja alikuwa ameinama, mgongo wazi, na mama yake ameshika tawi.

"Karibu, karibu," yule mama akamchangamkia. "Mikono isiyoogopa moto imekuja. Hebu tusaidie."

Balaraba akainama juu ya chungu, akakigusisha kiwiko kwenye maji, akaukunjua mkono mbele yao. Ngozi ilikuwa nyekundu.

"Mikono yangu haiogopi," alisema. "Lakini mimi naogopa. Leteni maji ya mtungini."