Kiti cha Mama kwenye Meza Kubwa

Mlango wa oveni ulilia kidogo, ule mlio wake wa bawaba kavu, na Janessa akafumbua macho gizani. Hakuhitaji kuangalia saa. Ni mara moja tu kwa mwaka oveni ya nyumba hii ilifunguliwa kabla hapajapambazuka, nayo ni Siku ya Shukrani, ile sikukuu ya Novemba, mama anapomwingiza bata mzinga ndani.

Alishuka ngazi akiwa na soksi tu ili asiwaamshe wadogo zake. Mama yake, Renita, alikuwa ameshavaa sare ya kazi, ile ya bluu yenye jina lake kifuani, na juu yake amefunga aproni. Usiku alikuwa amempaka bata mzinga siagi na viungo hadi chini ya ngozi. Makaroni ya jibini yalikuwa tayari kwenye sinia yakingoja kuokwa. Mkate wa mahindi ulishafikichwa ukachanganywa na vitunguu na supu. Pai mbili za viazi vitamu zilikuwa zimefunikwa kwa taulo safi.

"Rudi ukalale, mwanangu," mama alinong'ona. "Mama mkubwa akifika, mkumbushe ammwagie bata mzinga mchuzi wake mara kwa mara, ngozi isikauke."

"Utarudi saa ngapi?"

"Kama kila mwaka. Ninyi kuleni tu, msiningoje. Niwekeeni sahani."

Akambusu kwenye paji la uso, akavaa koti na kutoka. Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, upande wa pili wa mji wa Toledo, na wazee wale nao walitaka bata mzinga wao siku hiyo. Janessa alibaki amesimama jikoni akiifikiria hiyo sahani.

Aliijua vizuri. Kila mwaka ilikaa kando ya jiko imefunikwa kwa karatasi ya foili. Mama alikuja akaila akiwa amesimama, viatu miguuni, mgongo ameuegemeza kwenye sinki, huku wengine wakikoroma mbele ya televisheni. Ndani yake hapakuwa na kile alichokipenda kuliko vyote, ile pembe ya makaroni ambapo jibini huungua kidogo na kuwa kahawia, ukiitafuna inalia. Sinia lina pembe nne tu, na ukoo huu una mikono myepesi.

Lakini mwaka huu Janessa alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, na katika nyumba hii ya Babu Harlan, baba yake mama, walimoishi naye, umri huo ulikutoa kwenye meza ya kukunja ya watoto, kule kwenye korido, ukakuleta kwenye meza kubwa. Meza kubwa ilikuwa na utaratibu wake. Kabla mtu hajagusa uma, kila mmoja alisema kwa sauti anachoshukuru mwaka huo. Aliye mdogo kuliko wote mezani ndiye aliyeanza, wakapanda kwa umri hadi kwa Babu, na Babu akishasema ndipo anashika kisu na kumkata bata mzinga. Hakuna aliyewahi kuuvunja utaratibu huo. Marehemu Bibi aliwahi kumfanya mchungaji arudishe kipande cha mkate kwenye kikapu kwa sababu alikuwa hajashukuru.

Mchana walifika Mama Mkubwa Verdell, dada yake mama, na mumewe Roscoe, na mtoto wao Tavion wa miaka kumi na mitano. Mama Mkubwa alifunga aproni kabla hata hajavua kofia, akaishika zamu ya oveni. Baba Mkubwa Roscoe yeye aliuliza chakula kitaiva lini, maana mpira ulikuwa unakaribia kuanza, akauliza tena, kisha akamtuma Tavion akaulize.

Wakati wa kupanga meza, Janessa aliona kwamba hakukuwa na kiti cha mama. Akapanda chumbani, akashusha kile cha mama mwenyewe cha kushonea, akakiweka kando ya chake. Mama Mkubwa alikisogeza ukutani, akisema kiti kitupu kinabana watu. Alipogeuka kuchukua mchuzi, Janessa akakirudisha.

Walishikana mikono. Babu akaomba kwa sauti yake nzito, na wote wakasema amina. Kisha nyuso zote zikamgeukia Janessa, kwa kuwa sasa yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote pale.

"Haya, mjukuu wangu," Babu alisema. "Tufungulie."

Janessa aliweka mkono juu ya kiti cha kushonea. "Nitasema mama akifika."

Baba Mkubwa Roscoe alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Tavion alimwinamia binamu yake na kumwambia kwamba ana njaa hadi anaona bata mzinga anamkonyeza. Mama Mkubwa alieleza kwa upole mwanzoni kwamba kazi haijui sikukuu, kwamba chakula kitapoa, na kwamba Renita mwenyewe ndiye aliyesema wasimngoje.

"Husema hivyo kila mwaka," Janessa alijibu, "na kila mwaka mnamwitikia upesi."

Mama Mkubwa alishusha bakuli la mchuzi. Akasema mtoto aliyekalishwa meza kubwa leo asianze kuwapangia watu wazima saa ya kula. Janessa alisikia uso unamchoma, na neno likamtoka kabla hajalipima.

"Chakula chenyewe hukukipika wewe."

Kule korido watoto walinyoosha shingo kuchungulia.

"Chukua sahani yako," Mama Mkubwa alisema polepole, "urudi kwa wenzako."

Janessa alisimama. Mwaka mzima alikuwa amekiota kiti chake cha meza kubwa, na alikuwa amekikalia kwa muda wa sala moja tu. Angeweza kusema lolote, hata kwamba anashukuru kwa afya njema, na angebaki. Alichukua sahani yake tupu, akaenda kukaa kwenye meza ya kukunja, magoti yakigonga ubao. Mdogo wake akamuuliza kama amekuwa mtukutu. Akasema ndiyo.

Sasa aliyefuata kwa umri alikuwa Tavion. Baba yake alimgonga kwa kiwiko na kumwambia aseme upesi, kwa ufupi, ile shukrani ya kuchaguliwa kwenye timu ya shule. Tavion alimtazama bata mzinga. Akaitazama pembe ya makaroni, ambayo kwa kawaida alikuwa wa kwanza kuidaka. Akakitazama kile kiti cha kushonea.

"Na mimi nitasema mama mdogo akifika."

"Na wewe pia?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Yeye ndiye aliyeniokea keki ya siku yangu ya kuzaliwa, baba. Wewe uliisahau siku yenyewe."

Babu Harlan alikuwa ameshika kisu muda wote huo. Alikilaza mezani. Akamwambia Verdell arudishe vyakula kwenye oveni yenye moto mdogo, na bata mzinga afunikwe vizuri. Baba Mkubwa alipotaja mpira, Babu alimwambia televisheni iko sebuleni, aende, ila nyama haitamfuata huko. Baba Mkubwa akaenda na bakuli la karanga.

Kisha Babu akamfuata Janessa kule korido, akamwinamia. Hakumgombeza. Alimwambia kwamba msimamo wake ulikuwa wa kweli na ulitosha wenyewe, lakini lile neno la mwisho lilikuwa jiwe, na hakuwa na haja ya kumrushia mtu jiwe. "Nenda jikoni ukautazame mkono wa mama yako mkubwa," alisema.

Janessa alikwenda. Juu ya kifundo cha mkono wa Mama Mkubwa palikuwa na alama nyekundu ya kuungua, mahali chuma cha oveni kilipomgusa alipokuwa akimmwagia bata mzinga mchuzi. Ngozi ya bata mzinga ilikuwa ya dhahabu, wala haikukauka popote.

"Nisamehe, mama mkubwa. Nawe umepika."

Mama Mkubwa alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kichwa kigumu hicho umekirithi kwangu," alisema. "Mama yako hana. Ndiyo maana anakula akiwa amesimama." Akampa Janessa kitambaa cha kushikia sinia, wakabaki wakilinda oveni pamoja.

Nje mwanga ulikuwa umeanza kufifia gari lilipoingia uani, na kila mtu akawahi mahali pake, Baba Mkubwa mezani na Janessa kwenye meza ya kukunja. Renita aliingia kwa mlango wa nyuma, kama kila mwaka, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kando ya jiko kutafuta sahani. Haikuwepo. Akawaona watu wote wamekaa mezani kimya, sahani zao safi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hajafa mtu," Babu alisema, "ingawa Roscoe yuko njiani kwa njaa."

Walipomweleza, Renita hakufurahi. Alimgeukia binti yake kwa macho makali yaliyochoka. "Nilisema msiningoje, Janessa. Nilikwambia wewe mwenyewe."

"Uliniambia, mama. Sikukubali."

Babu aliinua mkono kabla mama hajajibu. "Muache, Renita. Ulituambia tusikungoje, nasi tukapenda kukusikia kwa sababu ilitufaa. Miaka yote hii nimekaa hapa nikishukuru kwa chakula, na aliyekipika hana hata kiti. Ile haikuwa shukrani, ilikuwa sauti tu." Akawatazama watoto waliojazana mlangoni. "Na ninyi mkumbuke. Ukitaka kumshukuru mtu, anza kwa kumwekea mahali pa kukaa, halafu ndipo utafute maneno. Kuanzia leo, katika nyumba hii tunakula mama yenu akishatoka kazini. Anayetaka kuwahi mpira atakula karanga."

Baba Mkubwa Roscoe alikohoa, akamvutia shemeji yake kile kiti.

Renita alikaa bila kuvua koti, kama mtu anayengoja kuitwa aondoke. Mama Mkubwa Verdell akaleta makaroni yakitoa mvuke, akakata pembe iliyoungua vizuri kuliko zote, akaiweka kwenye sahani ya mdogo wake. Kisha akamkazia macho Tavion, naye akaificha mikono chini ya meza.

Hakuna aliyegusa uma. Janessa alitoka korido na sahani yake, akarudi kwenye nafasi yake ya meza kubwa. Mama alikuwa amefungua vifungo vya koti. Akainama, akafungua kamba za viatu, akavisukuma chini ya meza, akaunyoosha mgongo kwenye kiti.

Janessa akasema, "Nashukuru mama ameketi."