Mkoba wa Paris Uliofuatwa na Mbwa

Dhahabu yote ilikuwepo kabatini. Bangili, mkufu, hata pete ambayo Zena alikuwa ameshaisahau. Kilichokosekana ni mkoba mmoja tu, ule wa Paris, na kwa ajili yake Zena alikuwa amelia mpaka wanja umemfika kidevuni.

Inspekta Hilaria wa kituo cha polisi Mpanda aliinama, akalichunguza kufuli. Halikuwa na mkwaruzo.

"Limefunguliwa kwa ufunguo," alimwambia Konstebo Fabiani. "Mwizi mstaarabu huyu. Amefungua, amechukua, amefunga."

"Mwizi tunaye tayari, Afande. Marsela, mtumishi wa ndani. Mama mwenye nyumba kamleta kituoni mwenyewe, kamshika mkono barabara nzima."

Hilaria alilirudia kufuli. Kesi inayoiva haraka namna hiyo humtia shaka.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1977, mvua za kwanza zimeanza. Mji mzima ulikuwa unaujua mkoba ule: ngozi nyeusi, kifungo cha shaba chenye umbo la jani, mkanda mfupi wa kupita kwenye kiwiko. Zena alipewa na mumewe, Athuman mwenye duka, sikukuu ya Idd. Habari za mitindo hazikumpita Zena. Dada yake Mwanaiddi, mhudumu wa ndege huko Dar es Salaam, alimtumia majarida kwa treni, na Zena akishayamaliza, Hilaria huyaazima. Wawili hao waliweza kubishana jioni nzima kama mikanda mirefu itarudi. Inspekta mwenyewe alibeba mfuko wa turubai wa serikali, lakini msimu wa Paris haukupita bila yeye kujua.

"Leo mlikuwa wapi?" alimuuliza Zena.

"Stesheni, wote. Tulikwenda kumpokea Mwanaiddi. Marsela tu alibaki."

"Na mkoba ukauacha? Siku ya kumpokea dada yako?"

"Athuman alinikataza. Alisema mvua itauharibu."

"Ufunguo?"

Zena alionyesha pindo la kanga yake. Ufunguo ulikuwa umefungwa humo.

"Upo mwingine?"

"Wa mume wangu."

Hilaria aliaga akaenda kituoni.

Marsela alitolewa mahabusu. Alikuwa binti wa wakulima wa mpunga kutoka Mpimbwe, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Uliupenda mkoba ule?"

"Mimi, Afande? Unanuka ule."

"Unanuka nini?"

"Mafuta. Tangu mvua zianze. Nikiutoa nje niupanguse, mbwa wanaingia uani. Juzi mama alipokwenda sokoni walimfuata mpaka akapanda kwenye baraza la watu. Nilimwambia, akanifokea. Eti mkoba wa Paris unuke!"

Fabiani alicheka. Hilaria hakucheka, ila kalamu yake ilisimama.

"Afande," Marsela alisema, sauti ikimkatika, "kesho ndoa yangu inatangazwa kanisani mara ya tatu. Mzee Isidori, baba mkwe, ameshatuma mtu. Anasema hawezi kuozesha mwanawe kwa mwizi. Kama nitalala humu, kesho jina langu halitasomwa."

Hilaria aliweka kalamu chini. "Usilie, mwanangu," alisema. "Jina lako litasomwa."

Wakiwa njiani kwenda dukani, Fabiani aliuliza, "Umemwahidi kwa ushahidi gani, Afande?"

"Kwa ushahidi wa pua. Ngozi ya mafundi wa Paris haiwindwi na mbwa. Ile imelainishwa kwa mafuta hukuhuku kwetu."

Athuman alikuwa nyuma ya kaunta, rafu nyuma yake zikiwa zimebaki na viberiti na sabuni. Bidhaa za nje zilikuwa zimeadimika miaka ile.

"Karibu, Inspekta. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Mkoba uliununua wapi?"

"Nairobi."

"Lini?"

"Mwezi wa kwanza, kabla mpaka haujafungwa. Nikauficha mpaka Idd."

"Una hakika na mwezi?"

"Hakika kabisa. Mpaka ulifungwa wa pili. Ningepitaje baadaye?"

"Kweli, usingepita." Hilaria aliegemea kaunta kama aliyekuja kununua sabuni. "Sasa nisaidie. Jarida la mwezi wa sita lilikuwa na picha ya mkoba ule. Limeandika ni mpya, ndiyo kwanza unaonyeshwa. Mimi na mkeo tulilisoma pamoja. Wewe ulinunuaje mwezi wa kwanza kitu ambacho fundi wake alikuwa bado hajakitoa?"

Athuman alifuta kaunta isiyokuwa na vumbi.

"Labda nimechanganya miezi."

"Uchanganye basi. Baada ya mwezi wa sita ulipitia mpaka gani?"

Athuman aligeuka akaanza kupanga viberiti. Kutoka nyuma ya duka ilisikika sauti ya kukwaruza, kisha mbweko. Hilaria alizunguka uani. Mbwa watatu walikuwa mlangoni pa stoo, mmoja ameingiza pua chini ya mlango, mwingine anaparura mbao kwa bidii ya mwenye njaa.

"Hawa wateja wako?" aliuliza.

"Nawafukuza tangu mchana," Athuman alisema kwa sauti ndogo.

"Fungua."

Mkoba ulikuwa chini ya magunia ya pumba, umefungwa kwenye gazeti. Fabiani aliuinua kwa leso. Harufu ya mafuta ya ng'ombe ilijaa stoo nzima.

"Nani kaushona?"

"Leodgar, fundi ngozi wa Majimoto. Nilimpelekea ile picha."

"Na leo umeuiba."

"Nilichelewa kwenda stesheni makusudi. Marsela alikuwa kisimani." Athuman aliketi juu ya gunia. "Inspekta, Zena alikubali kuolewa na mimi duka likiwa limejaa. Sasa tazama rafu zile. Kila jioni anasoma mikoba ya Paris, hanung'uniki, anasoma tu. Nilitaka anione tena mwanamume anayeweza. Halafu nikasikia Mwanaiddi anakuja. Yule anaishika mikoba ya kweli ya abiria kila siku. Angeugusa mara moja tu, ningeumbuka mbele ya mke wangu."

"Kwa hiyo aumbuke Marsela."

"Sikumtaja! Zena ndiye alimshika. Mimi nilinyamaza tu."

"Ulinyamaza tu!" Hilaria alipandisha sauti kwa mara ya kwanza siku ile. "Binti analia kwenye sakafu ya mahabusu, ndoa yake inavunjika, na wewe umenyamaza tu umekaa na sabuni zako! Kuna aibu gani kubwa kuliko hiyo, Athuman? Mkoba wa Majimoto?"

Mlangoni palikuwa na Zena na Mwanaiddi, waliofuata kelele. Zena alikuwa amesikia. Aliutazama mkoba, kisha akamtazama mumewe.

"Jumatatu utakwenda mahakamani," Hilaria alimwambia Athuman. "Lakini kesho asubuhi una kazi nyingine. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya wakwe wa Marsela."

Marsela aliachiwa jioni ileile.

Jumapili, kabla ya misa, Athuman alisimama kwenye lango la kanisa na kofia yake mkononi. Mzee Isidori alisimama mbele yake, na nusu ya Mpanda nyuma ya Mzee Isidori.

"Mwizi ni mimi," alisema. "Marsela hana kosa."

Padri alisoma majina mara ya tatu, akauliza kama yupo anayejua kizuizi. Hilaria aligeuka akalitazama kanisa zima kama anayetafuta mshukiwa. Hakuna aliyekohoa.

Nje Zena alikuwa anangoja barabarani.

"Kesi ikiisha mnirudishie mkoba wangu, Inspekta."

"Wa Paris?"

"Wa Majimoto. Mwanaiddi kaukagua mshono, anauliza kama fundi anapokea kazi." Kisha alimgeukia Marsela, na kicheko kikamwisha. "Jana nilikushika mkono mbele za watu, mdogo wangu, nikakuita mwizi. Nisamehe. Nipe mkono tena."

Marsela alisita, halafu akautoa. Wakaiteremka barabara ileile wameshikana, taratibu, ili kila mtu aone.