Kipimo Chenye Jina la Kudra

Kila asubuhi saa moja na nusu nilikuwa nafagia baraza ya zahanati ya kijiji chetu, ukishaipita Kilangala na kuingia kwenye mikorosho, na kila asubuhi wagonjwa walinisalimia, "Habari za kazi, Dokta." Sikuwa daktari. Nilikuwa Angela, nimemaliza kidato cha sita, nimechaguliwa kusomea uuguzi chuo kikuu, na zilibaki wiki tatu nipande basi. Lakini mtu akikuita Dokta nawe umeshika ufagio, nguvu ya kumsahihisha unaitoa wapi?

Aliyenikubalia kujitolea pale ni Nesi Justa. Siku ya kwanza aliniuliza kwa nini naitaka kazi hii. Nikamjibu kwa sauti ya kusoma risala kwamba nataka kuwatumikia wananchi. Akanitazama juu ya miwani.

"Na ukweli?"

Nikacheka tu. Ukweli ni kwamba nilipenda koti jeupe, na nilipenda namna watu wanavyonyamaza mwenye koti akiingia.

"Haya, anza na ufagio," alisema. "Halafu utaandika majina. Kipimo cha malaria, jina kwanza, damu baadaye. Hata paa liwe linaungua, jina kwanza."

Kipimo chenyewe ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye kishimo cha kudondoshea damu na kidirisha cha kusomea majibu. Unasubiri robo saa. Ukiona mstari mmoja, hakuna malaria. Ukiona miwili, ipo.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, katikati ya msimu wa korosho, watoto wawili walikuwa kwenye benchi. Optatus wa miaka mitatu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kudra wa miaka minne aliletwa na mama yake kutoka ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa mbili kwa miguu, maana msimu ukianza familia nyingi huhamia mashambani kuokota korosho. Wote wawili walikuwa na homa. Nilipanga vipimo viwili kwenye sinia na kuchukua peni.

Hapo Evaristo wa bodaboda akachungulia dirishani.

"Dokta, moyo wangu unadunda sana."

"Usipodunda ndiyo uje," nikamjibu.

Benchi zima likacheka. "Basi nipime," akasema.

"Wewe tukikupima tutakuta upepo mtupu."

Wakacheka tena, nami nikaona nimepata hadhira, nikaongeza utani wa tatu na wa nne. Nyuma yangu Nesi Justa alikuwa anawatoboa watoto vidole, akiamini majina yameshaandikwa. Nilisikia Optatus akipiga yowe na teke. Nilipogeuka, Nesi alikuwa ameitwa chumba cha pili kwa mama mjamzito, na vipimo viwili vilikuwa kwenye sinia, vina damu, havina majina.

Sikuuliza kipi ni cha nani. Kuuliza kungekuwa kukiri. Nikaandika cha kushoto "Kudra" na cha kulia "Optatus", kwa ujasiri ule ule wa kujibu maswali ya kuchagua.

Cha kulia kilitoa mistari miwili. Optatus akapewa dawa mseto. Cha kushoto kilitoa mmoja, kwa hiyo Kudra akapewa dawa ya kushusha homa tu, na mama yake akaambiwa amrudishe asipopata nafuu. Mama Kudra akasema alhamdulillahi, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akaondoka.

Saa saba mchana nilikuwa nakusanya vipimo vilivyotumika nivitie kwenye sanduku la taka. Kile chenye jina la Kudra kilikuwa na damu iliyokauka ukingoni, iliyoruka mtu alipopiga teke.

Kudra hakupiga teke. Kudra alikuwa amechoka kiasi kwamba alipotobolewa hata kidole hakukivuta.

Nikakitia kile kipimo mfukoni. Nikajisemea, Nesi atanifukuza, habari zitafika hadi Rasbura, mjini Lindi, kwa shangazi aliyeshaninunulia begi la chuo, na wote wanaoniita Dokta watanitafutia jina jipya. Nikinyamaza, labda homa itajiondokea yenyewe. Shimo la taka lilikuwa hatua ishirini nyuma ya jengo. Nilikwenda mpaka ukingoni. Nikasimama. Nikarudi. Nikafagia baraza niliyokuwa nimeshaifagia.

Saa nane na nusu Optatus akapita mbele yangu mbio, anafukuza kuku wa watu, tumbo wazi. Mgonjwa wa malaria huyo. Nikamtazama na moyo ukanipasuka, kwa sababu kama huyu ni mzima hivi, basi yule mwingine yuko hali gani?

Nikaingia ndani. "Nesi, niliandika majina baada ya damu. Nilikisia."

Hakupiga kelele. Ningependa apige.

"Umegundua saa ngapi?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko yote. Ningeweza kusema sasa hivi.

"Saa saba."

Akatazama saa ya ukutani, akachukua mkoba wake wa dawa. "Kamwite Evaristo."

Tulipanda mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja, tukashuka bondeni. Nilipomweleza Evaristo kilichotokea, alinyamaza njia nzima, na Evaristo kunyamaza ni dalili mbaya kuliko homa.

Harufu ya majani yanayoungua ilitufikia kabla ya kibanda. Ndani, bibi mmoja alikuwa amemfunika Kudra kwa kanga juu ya chungu cha makaa, anamfukiza. Mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yameumana, macho yamegeuka meupe. Sijawahi kuona kitu cha kuogofya kama yale macho.

Nesi Justa akapiga magoti kufungua mkoba. Mama Kudra akajitia kati.

"Usimguse, Nesi. Asubuhi umesema mwenyewe hana malaria. Hii ni degedege, si ya hospitali. Baba yake amekwenda kumwita fundi wa kuagua. Ukimchoma sindano saa hizi utamuua."

"Mama Kudra, nisikilize..."

"Nilikusikiliza asubuhi."

Bibi naye akanyoosha mikono kuziba njia. Nesi Justa akageuza uso akanitazama. Angeweza kunitaja, hakunitaja.

"Mama," nikasema, "yale majibu hayakuwa ya Kudra. Yalikuwa ya mtoto mwingine. Mimi ndiye niliyeandika majina, na niliyaandika ovyo, nilikuwa nafanya masihara dirishani. Mwanao ana malaria. Hajaingiwa na shetani. Ni kosa langu."

Kibanda kizima kikanyamaza. Ndicho kimya nilichokuwa nakitamani kwa wenye makoti meupe, na nilitamani ardhi inimeze. Mama Kudra akaivuta ile kanga kutoka kwa mwanawe.

"Mpime tena. Mbele yangu."

Nesi akamlaza mtoto ubavu, akamtoa karibu na moshi, akasubiri kutetemeka kupungue. Mimi niliandika jina, herufi tano tu, moja moja, kabla ya damu. Robo saa haikuisha. Mistari miwili ilijitokeza, myekundu, haina hata aibu. Nesi akachoma sindano ya malaria kali, na Evaristo akawabeba Nesi, mama na mtoto hadi barabarani, walikokutana na gari la wagonjwa lililoitwa kwa simu, la kwenda mjini Lindi.

Mimi nilirudi kwa miguu. Saa mbili nzima, na kila niliposikia pikipiki nilidhani ni mtu analeta habari ya msiba.

Habari ilikuja siku ya pili: Kudra amefumbua macho na ameomba uji. Wiki iliyofuata aliletwa zahanati kuangaliwa maendeleo, amekonda, lakini anatafuna muhogo kwa bidii. Mama yake hakujibu salamu yangu. Nikasogea pembeni ili Nesi awahudumie.

"Wewe," Mama Kudra akaniita. "Joto mpime wewe. Nitakuwa nakuangalia."

Nikampima. Aliniangalia kweli, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikuthubutu kutania hata kidogo.

Walipoondoka nilimwambia Nesi Justa kwamba labda nisiende chuo. Kila nikishika kipimo naona yale macho meupe.

Akafungua daftari la matukio akanionyesha. Alikuwa ameandika kosa lote, jina lake juu kwa kudondosha damu bila kutazama majina, langu chini yake. Saa saba niliyoitaja ilikuwepo pia.

"Ungeniambia umegundua saa nane na nusu, nisingejua kamwe," alisema. "Lakini usingefaa kwenda, hata kama mimi sijui. Kukosea tutakosea, Angela, sote ni watu. Anayeua ni yule anayelificha kosa mfukoni akisubiri lijiondokee. Na ile saa moja na nusu uliyonyamaza karibu itugharimu mtoto, hilo usilisahau."

Nikainamisha kichwa. "Lakini bado naogopa, Nesi."

"Vizuri," akasema, akilifunga daftari. "Uoga huo upakie kwenye begi, uende nao. Huko watakufundisha mengine yote."